Barabara ya Bara Ilianzia Frere Town

Katika miaka ya 1880, msafara wa kwenda bara ukitoka Frere Town ulianza kwa mashua. Mizigo ilipakiwa ufuoni, upande wa pili wa maji ukiutazama mji wa Mombasa, na bahari ikijaa mashua zilipanda hori la Tudor kandokando ya mikoko mpaka bandari ndogo iliyo chini ya vilima vya Rabai. Hapo ndipo kila mtu alipojitwika chake: marobota ya merikani na kaniki, mafurushi ya shanga, waya wa shaba uliozungushwa, mahema, masanduku ya dawa, risasi na baruti. Huko mbele hapakuwa na sarafu iliyopokewa kila mahali, kwa hiyo fedha ya njiani ilibebwa kichwani. Kila nchi ilikuwa na shanga zake, na rangi iliyogombaniwa huku ilikataliwa kule. Aliyekosea rangi alikuwa amebeba mawe.

Nimekuwa nikiyawaza haya kwa sababu ukoo wetu unajiandaa kwenda Tsavo Mashariki, na safari hii hatulali hotelini. Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa bodi za magari pale Kengeleni. Amenunua HiAce iliyokwisha kazi ya abiria, akang'oa viti vyote, na sasa anachomelea fremu za vitanda. Jioni akifunga kazi hupita kwangu na maswali. "Shangazi, tangi la maji liwe kiasi gani?" "Shangazi, mtungi wa gesi ukae ndani au tuutengenezee sanduku nje?" Mimi nilifundisha historia miaka mingi, gari silijui. Lakini maswali yake nayajua. Yaliulizwa na kujibiwa hapa hapa, na watu waliokuwa mabingwa wa kuyajibu walikuwa wazee wa mji huu, wale ambao vitabu vya wasafiri huwataja kwa kupita kisha vikaendelea na habari za bwana mkubwa.

Mji wenyewe ulizaliwa na safari za watu wengine. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya shinikizo la mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, na balozi John Kirk. Manowari za Uingereza zilizidi kukamata majahazi, na watu waliotolewa humo walihitaji pa kuwekwa. Shirika la wamisionari la CMS likamtuma William Salter Price, na mwaka 1875 ardhi ikanunuliwa huku bara ya Kisauni, ikapewa jina la Frere. Walioletwa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, watoto kwa watu wazima. Walijengewa nyumba, shule na kanisa. Ikawekwa na kengele, ambayo wazee wetu wanasimulia kuwa ilipigwa kuwaonya watu wakati wateka-watumwa walipoonekana. Mnara wake bado umesimama pale njia panda, matatu zinauzunguka mchana kutwa.

Fikiria basi ni nani aliyekuwa akiishi hapa. Mtu ameshikwa utotoni karibu na Ziwa Nyasa, ametembezwa na msafara hadi pwani akiwa amefungwa, ameuzwa, amepakiwa jahazini, amekamatwa baharini, ameshushwa Kisauni. Njia ya msafara anaijua kwa nyayo za miguu yake. Miaka michache baadaye anaambiwa kuna kazi ya upagazi, malipo kwa mwezi, na anaikubali. Anajitwika tena mzigo, safari hii kwa ujira na kwa hiari yake. Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu, na bado naona ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya mji wetu. Wale wale walioburutwa kwenye njia za misafara ndio waliozifanya kuwa kazi yao, wakazijua kuliko waliowaajiri.

Kabla ya mateka wa 1875 walikuwako Waafrika wa Bombay. Hawa walikombolewa baharini zamani zaidi, wakapelekwa India na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, wakafunzwa Kiingereza na kazi za mikono. William Jones, aliyefunzwa uhunzi, alifika Rabai mwaka 1864 pamoja na wenzake George David na Ishmael Semler. Wengine wa Nasik walitumwa mwaka 1872 kumfuata David Livingstone bara, miongoni mwao Jacob Wainwright na Matthew Wellington. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Mei 1873, ni watu hawa pamoja na watumishi wake wa siku nyingi, Chuma na Susi, walioamua la kufanya. Maiti waliitia chumvi, wakaianika juani kama wiki mbili, wakaifunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaibeba kwa miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani kulikuwa na nchi zisizokubali maiti ipite. Wakaufunga upya ule mzigo ufanane na robota la kawaida la nguo, wakatuma watu na mzigo wa bandia kana kwamba wanarudi kuzika, nao wakapita. Huko ndiko kupanga safari! Wainwright alisindikiza jeneza hadi Uingereza, akawa kati ya waliolibeba ndani ya Westminster Abbey, na baadaye akafanya kazi Frere Town kwa muda. Wellington alizeekea Mombasa, na alifariki mwaka 1935, akiwa wa mwisho mwisho kati ya wale wachukuzi.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwa maana mtoto wa kaka yangu anapenda hesabu. Julai 1885 askofu James Hannington aliondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, akiwa na watu wapatao 200. Pamoja naye alikuwa William Jones, ambaye askofu alikuwa amempa daraja la kanisa mwaka huo huo. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Watu 200 hula basi kilo 140 na zaidi kila siku. Mpagazi mmoja hubeba kama kilo 30. Kwa hiyo wapagazi watano hivi wanabeba chakula cha siku moja tu, na wao wenyewe ni sehemu ya wanaokila. Ukitaka kuvuka siku kumi pasipo mahali pa kununua, robo ya watu wako wamekuwa ghala linalotembea. Ndiyo maana msafara ulikwenda kwa kununua: Taita, Ukambani, Gikuyu. Na ndiyo maana habari za mvua na mavuno ya Taita zilikuwa habari za Frere Town. Taita ikiwa na njaa, hakuna fedha wala bunduki iliyoweza kuupeleka msafara mbali.

Hannington alimwacha Jones na watu wengi Kwa Shiundu, karibu na Mumias ya leo, akaendelea na watu 50 hadi Busoga. Huko aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu wake pamoja naye. Wanne ndio waliorudi na habari. Jones alisubiri, akasikia, akakusanya waliobaki akawarudisha pwani. Walipoingia Rabai Februari 1886 walitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, jina la mtoto wa msiba katika kitabu cha Samweli. Jones alikuwa amewaongoza watu wenye njaa na hofu, bila bwana yeyote wa kizungu, kuvuka nchi nzima. Katika vitabu vingi askofu ana sura zake na Jones ana mistari yake michache. Mimi shuleni nilikuwa nagawanya kinyume.

Lakini kabla ya Taita kuna Taru, na Taru ni swali la maji. Ukishapita Mazeras na Maji ya Chumvi, ambayo jina lake linatosha kuonya, nyika hukauka. Msafara ulitegemea ngurunga, mashimo ya asili katika majabali yanayohifadhi maji ya mvua. Nimewahi kupiga magoti juu ya moja. Jiwe ni la kijivu, limelala bapa usawa wa ardhi, na shimo limechongeka duara kana kwamba mtu alisaga hapo vizazi na vizazi. Ukingoni pana mistari ya weupe, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja unaonyesha maji yalifikia wapi kabla hayajashuka tena. Maji yenyewe ni ya kijani, yana majani yaliyooza na viluwiluwi, na nyuki wametanda pembeni. Nikachota kiganja nikanusa. Watu waliokuwa wametembea tangu alfajiri na kilo 30 kichwani waliyanywa hayo, wakajaza vibuyu, kwani baada ya Taru hapakuwa na maji ya uhakika mpaka kilima cha Maungu, zaidi ya kilomita 50 mbele. Na pale Maungu maji yako juu ya kilima. Mtu aliyekwisha kuchoka sharti apande kuyafuata. Misafara iliuvuka mwendo ule alasiri na usiku ili jua lisiwamalize watu, na waliokwama nyuma walirudishiwa maji na wenzao waliotangulia.

Nilipomweleza fundi wangu, alinyamaza kidogo kisha akasema tangi litakuwa la lita 150, chini ya kitanda cha nyuma, na mitungi miwili ya lita 20 ya akiba. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Nikamwambia hapo tunaelewana.

Jambo lingine lililousumbua kila msafara lilikuwa kutoroka. Mpagazi alilipwa malipo ya awali, mara nyingi ya miezi mitatu, na mshahara wa kawaida ulikuwa reale tano kwa mwezi. Wapagazi wengi wa Mombasa walikuwa bado watumwa wa watu wa mjini, na ujira wao uligawanywa na mabwana zao. Mtu kama huyo akifika Rabai, akaona pana kijiji cha misheni na watu huru wa kabila lake, kwa nini aendelee? Watoro walijaa Rabai na vituo vingine kiasi kwamba mwaka 1888 wenye watumwa walitishia kuivunja misheni. George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA, aliyehitaji amani ili misafara yake ipate watu, aliwalipa wenye mali fidia ya zaidi ya watoro elfu moja, na siku ya mwaka mpya wa 1889 hati za uhuru zikagawanywa Rabai. Shida ya wapagazi ilileta uhuru ule mapema kuliko mahubiri peke yake yangeweza. Nasema hivyo nikiwa Mkristo wa kanisa la Emmanuel, na nasema kwa moyo mweupe.

Mwaka uliofuata, 1890, Frederick Lugard alitumwa na kampuni hiyo hiyo kuitafuta njia nyingine, kando ya mto Sabaki, ili kuikwepa Taru. Alichukua watoro wa Fuladoyo, kijiji cha watumwa waliokimbilia Ugiriamani, wakawa wanafanya kazi ya kujenga maboma njiani ili ujira wao uwakomboe. Leo maporomoko ya mto ule, unaoitwa Galana ukiwa ndani ya mbuga, yana jina la Lugard. Yamo ndani ya Tsavo Mashariki na ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mgeni anaruhusiwa kushuka garini. Fuladoyo haitajwi kwenye ramani anayopewa.

Mwaka huo pia kampuni ilianza kuikata njia pana ya magari ya ng'ombe, iliyopewa jina la mwenyekiti wake Mackinnon. Hapo ndipo magurudumu yalipoingia. Gari la maksai lingebeba mzigo wa wapagazi wengi, na mtu angelala chini ya turubai lake. Shida ilikuwa mbung'o. Ng'ombe waliugua wakafa nyikani, kichwa kikarudi kazini. Mji wa Mackinnon Road umebaki na jina hilo. Lori zote zinazokwenda Nairobi hupita hapo kando ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na madereva wengi hupunguza mwendo kwa heshima.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na kazi ya wapagazi wa njia kuu ikafa. Pale mto Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwavuta wajenzi wa daraja kutoka mahemani usiku baada ya usiku, miiba ya boma isiwazuie, mpaka mhandisi John Patterson alipowaua mwezi wa Desemba. Kisa hicho kila mtu anakijua. Mimi kinachonikaa ni kile cha Kima, Juni 1900. Afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, na wenzake wawili walisimamisha behewa lao stesheni ili wamvizie simba aliyekuwa akila watu. Usiku walisinzia. Simba akaingia ndani ya behewa, akamchukua Ryall akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe lipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kwa hiyo fundi wangu aliponiletea mchoro wa dirisha kubwa la kufunguka nyuma ya kitanda cha watoto, nilimwambia aweke la kuteleza, la upana wa mkono, lenye wavu wa chuma. Hakubishana.

Baada ya reli, safari iligeuka kuwa starehe ya wenye fedha. Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa Aprili 1909, akapanda treni akiwa ameketi kwenye benchi mbele kabisa ya injini kuipita nyika ya Taru na Tsavo, kisha akaenda kuwinda na mamia ya wapagazi. Kazi ya kubeba ikarudi kwa sura mpya: mabeseni ya kuogea, vitabu, ngozi za wanyama, chumvi ya kuzihifadhia.

Na nyika yenyewe? Walowezi hawakuitaka, kwa ukame na mbung'o. Tarehe 1 Aprili 1948 serikali ya kikoloni ikaitangaza kuwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi, jumla ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote Kenya. Haikuwa nchi tupu. Waata walikuwa wakiwinda ndovu humo kwa pinde ndefu na mishale ya sumu tangu enzi, Wataita na Wakamba walikuwa na njia zao za kupitia na kuchungia. Siku moja uwindaji wa Waata ukawa kosa la jinai, na katika msako wa 1956 na 1957 wengi walifungwa. Mimi naipenda mbuga na naona ilikuwa sawa ndovu kulindwa. Lakini watu waliozijua njia za ndovu kuliko wote wangefanywa walinzi tangu siku ya kwanza, badala ya kungoja watoke jela. Ukame wa 1970 na 1971 uliua ndovu wanaokadiriwa kuwa 6,000 au zaidi, na ulionyesha kwamba maji bado ndiyo bwana wa nchi ile, hata na bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952.

Tumeamua kwenda Septemba, wakati wa kiangazi, wanyama wanaposogea kwenye maji na barabara za udongo mwekundu zinapitika na gari letu, ambalo halina nguvu ya magurudumu manne. Ada tunalipa kwa simu kabla ya kuondoka, langoni hawapokei noti. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na mwendo unakoma saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kila siku inapangwa kuanzia mwisho wake: tujue tutakuwa wapi jua likizama. Tutaingia Voi, tulale kambi ya Ndololo karibu na mto, kisha twende Galana tushuke pale maporomoko, na watoto wasikie habari za Fuladoyo wakiwa wamesimama juu ya jiwe lenyewe.

Bado tulikuwa tukibishana kuhusu usiku wa kwanza. Vijana wanataka tuondoke alfajiri, tuvuke daraja la Nyali, Makupa, Changamwe, tupite mizani ya Mariakani kabla ya foleni ya malori, tufike Voi mapema. Nimekataa, na kama bibi mwenye orodha nimesikilizwa. Misafara mingi ya hapa ililala usiku wa kwanza au hata kadhaa Rabai, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Hapo mizigo ilifunguliwa ikapimwa upya, waliosita wakajulikana, na kilichosahauliwa kikafuatwa kwa mashua kabla ya nyika kuanza. Tutaondoka Frere Town Ijumaa alasiri. Tutaegesha Rabai, tupike na jiko la gari, tulale kwenye vitanda vile, tuone tangi linavuja wapi. Asubuhi tutapita makumbusho yaliyomo katika kanisa la zamani, halafu Mazeras pana duka la vipuri na fundi wa tairi, ikiwa tutamhitaji.

Mtoto wa kaka yangu ameshaandika Rabai kwenye daftari, mstari wa kwanza. Chini yake ameongeza mpira wa akiba wa bomba la maji.